Ekari moja ya pixie: piga hesabu kabla hujatuma dola

Somo la leo ni la machungwa. Swali limekuja kwetu mara nyingi: kutoka kwa akina mama wanaolea wazee majumbani hapa Bowie, kutoka kwa mafundi wanaopanda gari alfajiri kwenda saiti za Largo na New Carrollton, hata kutoka kwa dada zetu wa Riyadh na Doha. Wote wanauliza kitu kimoja. Pixie inalipa? Nina kama dola elfu nane, nitume nyumbani tupande?

Hatutajibu ndiyo wala hapana. Tutafungua daftari, tuandike namba, halafu wewe mwenyewe utaona pesa yako inaingia wapi na inatoka lini.

Tuanze na ule ujumbe unaozunguka WhatsApp: ekari moja miti 200, kila mti kilo 50, kilo moja shilingi 100, jumla milioni moja kwa mwaka. Kuzidisha kwake hakuna kosa. Kilichoachwa nje ni miaka ya kusubiri, maji, na mtu wa kushika jembe, na hivyo vitatu ndivyo vinavyokula mtaji wa watu.

Pixie yenyewe ni nini

Pixie ni jamii ya chenza. Ni ndogo, tamu, haina mbegu, na maganda yake mtoto wa miaka minne anayamenya bila kisu. Si zao la asili ya Ukambani. Kazi ya kuizalisha ilianza mwaka 1927 huko Riverside, California, na chuo kikuu cha huko kikaitoa kwa wakulima mwaka 1965. Wakulima wakubwa hawakuipenda. Tunda dogo, linachelewa kuiva, tena mti una tabia ya kuzaa sana mwaka huu na kupumzika mwaka unaofuata. Waliokuja kuishikilia ni familia zenye mashamba madogo kwenye bonde la Ojai, kusini mwa California. Wao waliona kwamba likichelewa kuiva, linafika sokoni Machi hadi Mei wakati machenza mengine yamekwisha. Wakaungana kwenye chama chao, wakauza kwa jina moja, pixie za Ojai, na mnunuzi akajua anachotafuta.

Kenya, mbegu hiyo imeshika zaidi Makueni, ambako machungwa na maembe yalikuwa tayari ni mazao ya familia. Kila anayepita barabara ya Wote msimu wa mavuno anayaona yamepangwa kando ya njia kwenye ndoo na beseni. Kwa hiyo si uongo kwamba kuna watu wamesomesha watoto kwa pixie. Swali letu ni jingine: wale waliosomesha watoto wanaishi shambani. Wewe unaishi Maryland. Je, hesabu yao ni hesabu yako?

Daftari la ekari moja

Hapa tunatumia bei za mfano. Mtu wa nyumbani akikupa bei za kwenu, futa zetu uandike zake. Tuseme ardhi ipo tayari, ni ya familia, na dola ni shilingi 129.

Idadi ya miti kwanza. Ekari ni mita za mraba kama 4,047. Ukipanda mita tano kwa tano, inaingia miti 160 hivi. Nne kwa nne ni 250. Akija mtu wa kitalu akakuambia miche 450, hiyo ni mita tatu kwa tatu. Anauza miche huyo, hafikirii mti ukiwa mkubwa. Sisi tunachukua 160, na tunanunua 176 kwa sababu mingine itakufa.

Miche 176 kwa shilingi 250 ni 44,000. Mashimo 160 kwa mia moja moja ni 16,000. Samadi 20,000. Uzio wa kuzuia mbuzi 90,000, na usiuruke huu, kwa sababu mbuzi mmoja kwa alasiri moja anamaliza mwaka wako wote. Tangi, pampu ndogo na mipira ya matone 180,000. Hapo tuko 350,000 na bado hakuna aliyelipwa mshahara.

Gharama za kila mwaka: mbolea na dawa 30,000, mafuta ya pampu 26,000, na mfanyakazi wa 12,000 kwa mwezi ambaye kwa mwaka ni 144,000. Jumla 200,000.

Mwaka wa kwanza basi unakula 550,000, wa pili 200,000, wa tatu 200,000. Ni 950,000, kama dola 7,360. Ile elfu nane imekwisha kabla hujauza ndoo moja ya maana. Mwaka wa tatu utaokota kilo tatu tatu kwa mti, za kuonja na kuuza kidogo. Tukiuza kwa 80 kilo, ni kama 38,000.

Mwaka wa nne tuseme miti 150 imebaki hai na inatoa kilo 12 kila mmoja: 144,000. Gharama ni 200,000. Bado unatuma pesa. Mwaka wa tano kilo 30 kwa mti, mauzo 360,000, ukiondoa gharama na wachumaji inabaki 140,000. Mwaka wa sita miti inapumzika, kilo 15 tu: 180,000, hasara 20,000. Mwaka wa saba inarudi na kilo 45: mauzo 540,000, inabaki 310,000.

Sasa jumlisha yote. Mwisho wa mwaka wa saba, mwenye shamba hili bado yuko chini kwa shilingi 538,000. Na hatujaweka ukame wala mwizi.

Tulipowaonyesha watu hesabu hii, wengi walisema, basi pixie ni utapeli. Hapana. Hebu badilisha mstari mmoja tu. Mtoe mfanyakazi wa 12,000, umweke ndugu anayeishi hapohapo, ambaye shamba ni kazi yake ya asubuhi tu, na unampa 4,000 kwa mwezi. Gharama ya mwaka inashuka hadi 104,000. Miaka mitatu ya mwanzo inakula 662,000 badala ya 950,000. Mwaka wa nne tayari unapata 40,000. Na mwisho wa mwaka wa saba umerudisha mtaji wote na una 134,000 juu. Miti ni ileile, bei ileile, mvua ileile. Tofauti ni shilingi 672,000, na yote ni mishahara.

Ndiyo maana machungwa ya aina hii, Ojai na Makueni, yamekaa mikononi mwa familia. Familia haijilipi mshahara wa kila siku. Inapalilia jioni, inafukuza nyani Jumapili, inaona jani limegeuka njano kabla ya mti wa pili kuambukizwa. Ukiwa Bowie, hivyo vyote unavinunua kwa dola. Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei ya miche, uliza nani anaamka pale, na kama anataka kweli kazi hiyo au anaona aibu kukukatalia. Ndugu aliyekubali kwa sababu wewe ndiye unayetuma karo, huyo mara nyingi anaacha ukame wa kwanza ukija.

Na huyo ndugu mlipe. Elfu nne yetu ni ya chini kabisa. Bora zaidi mpe pia sehemu ya mavuno, tuseme robo, mkaandikiana.

Maji

Ukambani mvua ni mbili, ya Machi hadi Mei na ya Oktoba hadi Desemba. Katikati ni ukavu. Mti mchanga ukiupa lita 20 mara mbili kwa wiki, miti 160 inakunywa lita 6,400 kwa wiki. Hiyo ni mitungi 320. Punda anabeba minne kwa safari, kwa hiyo ni safari 80 kila wiki. Soma tena hapo: safari 80 za punda, kila wiki, kwa karibu nusu mwaka.

Kama kuna mto, kisima au bwawa la mchanga karibu, ile 180,000 ya tangi na mipira inatosha kwa mfano wetu. Kama hakuna na mtungi unanunuliwa shilingi kumi, ongeza 3,200 kwa wiki. Kwa wiki 26 ni 83,200 kila mwaka, na hesabu ya ndugu yako inakaribia kuwa mbaya kama ile ya mfanyakazi. Na mti ukikua unataka zaidi, si kidogo.

Ushauri wetu hapa hauna maneno mengi: hela ya kwanza iende kwenye maji, miche ije mwaka unaofuata. Hata pixie ikigoma, maji yatabaki na mama atapanda sukumawiki.

Mche mgonjwa

Kuna ugonjwa wa michungwa unaoitwa HLB. Majani yanakuwa na mabaka ya njano yasiyolingana upande huu na ule, tunda linabaki dogo, limepinda, kijani upande wa chini, na chungu. Hauna dawa. Unaenezwa na wadudu wadogo wanaofyonza majani machanga, na unaenezwa pia na vikonyo vya kupandikizia vilivyotoka kwenye mti mgonjwa. Florida uligunduliwa mwaka 2005. Msimu wa 2003/04 Florida ilivuna masanduku milioni 242 ya machungwa. Msimu wa 2022/23 hayakufika milioni 20. Na wale wana matrekta, bima na vyuo vya utafiti.

Afrika Mashariki tunao wa aina ya Kiafrika tangu zamani, hasa nyanda za juu zenye baridi. Mwaka 2017 watafiti walichapisha taarifa kwamba yule mdudu wa Asia, anayestahimili joto na ndiye aliyeimaliza Florida, ameonekana Kenya. Joto la Makueni halitatulinda na huyo.

Kwa hiyo mche wa shilingi 80 wa kando ya barabara si bei nafuu. Nunua kitalu kilichosajiliwa na kukaguliwa, uliza stakabadhi, na ofisi ya kilimo ya kaunti ikuonyeshe vitalu inavyovijua. Na tafadhali, wewe unayesafiri Desemba, usifiche vijiti vya michungwa kwenye sanduku. Mmea kuingia Kenya unahitaji kibali cha KEPHIS na cheti cha afya ya mmea kutoka ulikotoka. Kuhusu kupanda mbegu ya pixie uliyokula, usijisumbue: haina mbegu.

Bei itakaa?

Hapa ndipo tuna wasiwasi kuliko kote. Kilichowafaidi watu wa Ojai ni kwamba wao walikuwa na tunda wakati wengine hawana. Lakini Makueni kila mtu akipanda mwaka mmoja, wote watavuna wiki zilezile. Tazama Muheza, mkoa wa Tanga. Machungwa ya Muheza yana jina zuri Tanzania nzima na yanavuka mpaka kuja Kenya. Bado msimu ukifika kileleni, mkulima mdogo anamwuzia mnunuzi shamba zima yangali mtini, kwa bei anayoitaja mwenye lori, kwa sababu chungwa haliwezi kusubiri na yeye karo haiwezi kusubiri. Jina zuri la mahali, lakini bei inapangwa na mwenye lori.

Rudi kwenye daftari la ndugu yako, toa 80 uweke 50. Mwaka wa saba unaisha ukiwa chini kwa 339,000. Kwa hiyo fanya hesabu mbili daima, ya bei unayoitamani na ya bei ya broka wa mwisho wa siku. Kama ile ya pili inakuua, punguza shamba. Pia uliza kama kijijini kuna ushirika au kikundi kinachouza pamoja. Watu kumi wenye tani moja moja wanaweza kumwita mnunuzi wa Nairobi. Mtu mmoja mwenye tani moja anamsubiri broka.

Pesa yenyewe, kutoka mkononi mwako

Wenye mikataba ya miaka miwili ya Ghuba, hili ni lenu hasa. Mti unataka kulishwa miaka mitatu. Mkataba ukiisha mwezi wa 24, mwaka wa tatu analisha nani? Weka pesa ya mwaka wa tatu pembeni kabla ya kuchimba shimo la kwanza. Kama haitoshi, panda nusu ekari. Miti 80 iliyonyweshwa inashinda 160 iliyokauka.

Msitume yote mara moja. Shilingi ilikuwa karibu 160 kwa dola Januari 2024, na miezi michache baadaye ikawa kama 130. Aliyepanga bajeti ya dola 8,000 kwa kiwango cha Januari aliona milioni 1.28, kwa 129 ni milioni 1.03. Robo milioni ilitoweka bila mtu kuiba. Tuma kwa hatua: maji, yakikamilika uzio, halafu miche. Lipa kitalu na mwenye tangi moja kwa moja kwenye namba yao ya malipo, usimpitishie mtu katikati pale inapowezekana.

Walioko Marekani, tangu Januari 1, 2026 kuna kodi ya asilimia moja kwa pesa zinazotumwa nje zikilipiwa kwa noti taslimu, hundi ya benki au hawala ya fedha. Ukilipia kutoka akaunti ya benki au kadi iliyotolewa hapa, hukatwi. Kwa dola 8,000 hiyo ni 80, ambazo ni miche zaidi ya 40. Fungueni akaunti.

Tena kwa walioko hapa: ukihesabiwa mkazi kwa kodi ya Marekani, mapato ya shamba la Makueni yanatajwa kwenye fomu zako hata kama hela haijavuka bahari, na gharama zake unaruhusiwa kuzionyesha kama una risiti. Na akaunti zako za nje, sacco ikiwamo, zikifika kwa pamoja zaidi ya dola 10,000 hata siku moja tu ndani ya mwaka, kuna ripoti ya kupeleka. Faini yake ni kubwa, ripoti yenyewe ni bure.

Ardhi tuiseme kwa kifupi, maana inastahili somo lake. Kama hati bado iko kwa jina la babu aliyefariki, miti yako inaota kwenye shamba la ukoo wote, na siku itakapoanza kuzaa ndipo binamu watakumbuka. Malizeni urithi mahakamani kwanza, au angalau muwe na makubaliano yaliyoandikwa na kusainiwa na ndugu wote: miti ya nani, ardhi ya nani, na mkigawana itakuwaje. Kama ni ununuzi, fanya upekuzi wa hati, na kumbuka ardhi ya kilimo Kenya inataka ridhaa ya bodi ya ardhi. Waliochukua uraia wa Marekani wakaacha wa Kenya, katiba ya 2010 inawaruhusu kuomba urejeshwe. Fanyeni hivyo kabla ya kununua, kwa sababu asiye raia haruhusiwi kumiliki ardhi zaidi ya kukodi kwa miaka 99, na ya kilimo ina vikwazo vyake zaidi.

Mwisho, namna ya kukagua ukiwa mbali. Kila mti upewe namba, kibati kidogo kilichofungwa kwa waya. Jumapili piga simu ya video, usiseme nionyeshe shamba. Sema nionyeshe mti 47, halafu 112, halafu 9. Anayefanya kazi atakupeleka moja kwa moja na atafurahi umeuliza. Andika kwenye daftari tarehe na hali ya kila mti uliouona, na mwisho wa mwaka hesabu iliyokufa.

Anayetaka tumpitishie hesabu yake, atuandikie vitu vinne: umbali wa maji kwa mita, jina lililo kwenye hati, mshahara utakaolipa kwa mwezi, na bei ya kilo aliyoambiwa na mkulima jirani, si na muuza miche.